Kujenga programu bila intaneti: majibu kwa mafundi wa Kanda ya Ziwa

Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota nchi nzima. Kazi yoyote iliyohitaji kuchota maktaba za programu (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) kutoka nje ikawa ya kubahatisha. Maswali ya safari hii yanahusu jambo hilo: namna ya kubeba vitegemezi vyote vya programu, yaani maktaba inazozihitaji, ili uijenge mahali pasipo na mtandao.

Kaka, nimepata kazi ya kufunga mfumo wa stoo huko Nansio. Programu imeandikwa kwa Rust. Msimbo wote ninao kwenye flashi, lakini nikiujenga bila mtandao unalalamika kwamba haufiki crates.io, lile ghala la maktaba za Rust. Nimekosa nini? (Msomaji, Ukerewe)

Umebeba msimbo wa programu yenyewe, vitegemezi vyake umeviacha. Ukiwa bado mjini, ingia kwenye folda ya programu uandike `cargo vendor`. Cargo, chombo cha Rust cha kujengea programu, itasoma Cargo.lock, faili linaloorodhesha vitegemezi na matoleo yake, ishushe kila kitegemezi kwa toleo lililoandikwa humo, na kukiweka kwenye folda iitwayo vendor. Mwishoni itachapa mistari michache ambayo wengi huipita wakidhani ni taarifa tu. Mistari hiyo ndiyo inayoielekeza Cargo iachane na crates.io na kusoma folda yako. Nakili mistari hiyo kwenye `.cargo/config.toml`, kisha ujenge kwa `cargo build --locked --offline`.

Bado kuna mitego miwili. Kwanza, baadhi ya vitegemezi vya Rust hutegemea maktaba za C zilizo nje yao. Openssl-sys, kwa mfano, kwa kawaida hutafuta OpenSSL iliyokwisha kufungwa kwenye mashine, na hiyo `cargo vendor` haikuletei. Kwenye Debian au Ubuntu beba vifurushi vya libssl-dev na pkg-config pamoja na vitegemezi vyake vyote. Pili, tazama kama kuna faili la rust-toolchain.toml. Likiwepo, rustup (chombo kinachofunga Rust) itataka kushusha toleo la kompaila lililotajwa humo, kwa hiyo lifunge mapema.

Halafu, tafadhali, usipande meli kabla hujajaribu. Futa folda ya target, elekeza CARGO_HOME (mahali Cargo inapohifadhi kache ya ilivyokwisha kushusha) kwenye folda tupu, kisha andika `unshare -rn cargo build --locked --offline`. Amri hiyo huiendesha Cargo ikiwa imetengwa kabisa na mtandao. Mashine yako ikiikataa, zima Wi-Fi na uchomoe waya. Ile folda tupu ni muhimu sana: kache ya zamani ndiyo inayowafanya watu waamini wamebeba kila kitu, kumbe nusu ya mzigo imebaki kwenye kompyuta ya ofisini.

Shikamoo. Nimeshusha zip ya mradi wa C++ kutoka GitHub, nikafungua folda ya third_party nikakuta folda ndogo zote ni tupu. Zip imeharibika? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Marahaba. Zip ni nzima. Mradi huo unatumia submodule za Git, yaani miradi mingine iliyorejelewa ndani yake, na zip ambayo GitHub huitengeneza yenyewe haizijumuishi. Tumia `git clone --recurse-submodules`, kisha ubebe folda nzima.

Ukimaliza, tafuta neno FetchContent ndani ya faili za CMakeLists.txt, yaani maelekezo ya CMake, chombo kinachoandaa ujenzi. Likiwepo, CMake itataka kuchota vitu wakati wa kuandaa ujenzi, na bila mtandao utaishia kwenye `Could not resolve host: github.com`. Shusha kitegemezi hicho mwenyewe, toleo lile lile lililotajwa, umwonyeshe CMake kilipo. Kwa maktaba ya fmt, kwa mfano, unaongeza `-DFETCHCONTENT_SOURCE_DIR_FMT=/njia/ya/fmt`.

Tuna Raspberry Pi inayosoma mizani ya dagaa hapa Mwaloni. Nilishusha vifurushi vya Python kwenye kompyuta yangu ya Windows, Pi imevikataa. (Kirumba)

Ulishusha vya Windows. Kama Pi ina mfumo wa biti 64 na Python 3.11, andika `pip download --platform manylinux2014_aarch64 --python-version 3.11 --only-binary=:all: -d mzigo -r requirements.txt`. Kwenye Pi, ndani ya venv (mazingira ya Python yaliyotengwa), tumia `pip install --no-index --find-links mzigo -r requirements.txt`. Kifurushi kisicho na faili la .whl (lililokwisha kujengwa) linalofaa kichukue kama .tar.gz (msimbo wake), na kwenye folda hiyo hiyo uweke setuptools na wheel, maana pip huzitafuta inapokijenga.

Programu imekuja na nakala yake ya zlib, maktaba ya kubana data, na Debian yangu nayo ina zlib. Nitumie ipi? (Sengerema)

Ya Debian, isipokuwa mradi umeibadilisha nakala yake na hauwezi kufanya kazi bila mabadiliko hayo. Msimamo wangu huu una sababu. Septemba 2023 iligundulika kasoro kubwa ya usalama kwenye libwebp, maktaba ya picha za WebP, iliyopewa namba CVE-2023-4863. Waliotumia libwebp ya mfumo walisasisha kifurushi kimoja, programu zote zinazokitumia zikapona. Lakini kila programu iliyobeba nakala yake ndani ililazimika kutoa toleo jipya peke yake, na mwenye mashine azijue zote moja moja. Kwenye kituo kisicho na intaneti, mwenye kujua hayo ni wewe peke yako.

Ukishajenga, hakikisha kwa `ldd ./programu | grep libz`, inayoonyesha kama programu inatumia zlib ya mfumo. Isipochapa kitu, huenda nakala ya ndani imeunganishwa humo humo. Pale unapolazimika kuitumia, andika kwenye faili moja jina la maktaba, toleo lake, ulikoitoa na sha256 yake (alama ya kuthibitisha kuwa faili halijabadilika), kisha uliache faili hilo kituoni. Fundi atakayekuja baada yako hatakuwa na namna nyingine ya kujua kilichomo.