Kwa mhudumu mpya: anza na chupa moja ya Rubicon

Ukikabidhiwa orodha ya mvinyo hotelini kwa mara ya kwanza, usihangaike kuikariri yote. Utaisahau mgeni akikukazia macho tu. Chagua chupa moja ya bei kubwa, uijue kuanzia shambani hadi mezani, na nyingine utazielewa kwa kuzilinganisha nayo. Mimi huwaanzisha vijana na Rubicon, mvinyo mwekundu wa mchanganyiko wa zabibu kutoka shamba la Meerlust, Stellenbosch, kwa sababu mvinyo wa Afrika Kusini umejaa kwenye makabati ya hoteli zetu.

Meerlust liko kilomita 5 hivi kutoka ghuba ya False Bay. Jua la kiangazi huko ni kali, lakini alasiri upepo wa bahari huingia na kuipoza mizabibu. Zabibu zikiiva taratibu namna hiyo hupata utamu bila kupoteza uchachu, na uchachu huo ni sehemu ya kinachouwezesha mvinyo kukaa chupani miaka kumi na zaidi. Mgeni akiuliza kwa nini chupa ni ghali, usimjibu "ni nzuri sana, bosi". Mweleze habari ya upepo. Familia ya Myburgh imelishika shamba hilo tangu karne ya 18. Hilo nalo litaje, ila usihutubie, mwenzio ana njaa.

Wengi wakisikia mvinyo wa mchanganyiko hudhani umechakachuliwa. Sivyo. Kila aina ya zabibu huvunwa na kuchachushwa peke yake, maana Merlot hutangulia kuiva na Cabernet Sauvignon huchelewa. Baada ya hapo mvinyo hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa, na mtengenezaji huonja pipa moja moja kabla ya kuamua kipi kiunganishwe na kipi. Cabernet Sauvignon ndiyo kubwa: ndiyo mifupa, yenye tanini, ule ukakasi unaokausha ufizi. Merlot ni nyama juu yake. Cabernet Franc huleta harufu, na Petit Verdot, ikiwekwa, huwa kidogo tu. Asilimia hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usizikariri.

Mfano waliouiga ni wa Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa. Nico Myburgh, aliyekuwa mwenye shamba, na Mwitaliano Giorgio Dalla Cia, mtengenezaji mvinyo aliyekuwa akifanya naye kazi, walianza na mavuno ya 1980. Angalia usijisifu mezani kwamba ndio mchanganyiko wa kwanza wa aina hiyo Afrika Kusini. Shamba la Welgemeend la Paarl, hukohuko Afrika Kusini, liliwatangulia kwa mavuno ya 1979, na mgeni anayelijua hilo hatakuamini tena hata ukimwambia samaki ni wa leo.

Jambo ninaloliheshimu zaidi kwao ni hili: mwaka ukiwa hauridhishi, jina la Rubicon halitumiki. Mavuno ya 2002 na 2011 yaliuzwa kama Meerlust Red, kwa bei ya chini. Ukikuta orodha yenu imeandika "Rubicon 2011", mwambie meneja airekebishe kabla mgeni hajaiona.

Sasa mezani. Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba hicho ni cha Ulaya. Huu unataka nyuzi 16 hadi 18, na Mombasa au Zanzibar chumba kinaweza kufika 30. Uweke kwenye ndoo ya barafu na maji kwa dakika kumi na tano hivi, bila aibu. Chupa changa imimine kwenye dikanta, chombo cha kioo chenye tumbo pana, ipumue kama saa moja. Chupa ya zamani isimamishe tangu jana yake ili mashapo yatulie chini, na uimimine polepole.

Mwenyeji wa meza anapoonjeshwa, anatafuta kasoro. Hatuulizi kama ameupenda. Kasoro ya kizibo hunuka boksi lililolowa. Ukiisikia, badilisha chupa bila ubishi.

Pwani wengi wetu hatunywi. Pua pekee itakufundisha mengi, na usikubali mtu akulazimishe kuonja. Kama hata kushika chupa hutaki, mwambie mkuu wako mapema, si saa mbili usiku ukumbi umejaa.

Kwa chakula, mpe mgeni mbuzi wa kuchoma au minofu ya ng'ombe. Usimpendekezee pweza wala samaki: tanini ikikutana na samaki, mdomo hubaki na ladha ya chuma. Pilipili nyingi nayo huchochea ukali wa kilevi. Chupa ikibaki nusu, izibe, iweke kwenye friji, uandike namba ya chumba. Kesho yake itoe nusu saa kabla mgeni hajaketi.