Fundi, naweza kuwasha amplifaya ya valvu kwa chaja ya laptopu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nataka kujiundia amplifaya ya valvu (zile taa za kioo), steriyo, EL84 mbili za kusukuma spika na ECC83 moja ndogo ya kukuza sauti mwanzoni, ya kusikilizia sebuleni tu. Shida ni transfoma ya pawa, kuagiza bei mbaya, na fundi wa kusuka hapa mtaani kanitajia hela ambayo siiwezi. Ninayo chaja ya laptopu ya volti 19, ampia 4.62. Rafiki yangu anasema swichingi, yaani ule ukatakataji wa umeme ndani ya chaja, itapiga kelele kwenye spika, mwingine kaniambia nichukue umeme wa ukutani nipitishe kwenye dayodi yaishe. Nifanyeje? Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nianze na huyo wa dayodi, usimsikilize kabisa! Umeme wa 240 ukipita kwenye dayodi na kapasita unafika kama volti 340, na hakuna kitu kinachoutenganisha na nguzo ya nje, yaani chesi na hata waya wa kuingizia muziki vinaweza kuwa na umeme, mtu akishika simu iliyochomekwa hapo ndo basi tena. Chaja yako ndani ina kitransfoma kinachotenganisha, na hiyo ndo sababu ya kwanza ya mimi kuipenda.

Tupige hesabu. EL84 moja kwenye volti 250 inakula miliampia 48 kwenye anodi (pini yake ya kutolea) na kama 5.5 kwenye skrini (gridi yake ya pili), mbili ni 107, ECC83 inaongeza kidogo sana, weka 110, hapo ni wati 27 na nusu. Hita, ule waya wa kupasha valvu moto, ni ampia 0.76 kila EL84 na 0.3 ya ECC83, jumla 1.82 kwa volti 6.3, kama wati 11 na nusu. Yote ni wati 39 na chaja ni ya wati 90, kwa hiyo nguvu ipo. Nunua moduli (kibodi kilichoundwa tayari) ya kushusha volti 19 ziwe 6.3, na mbili za kupandisha mpaka 270 hivi (transfoma ya sauti na rezista ya kathodi nazo zinakula volti zao). Nasema mbili, kila upande na yake, maana zile za bei rahisi zinaandikwa wati 40 na mimi siziamini kufika huko kwa muda mrefu.

Sasa wengi wanakwama kwenye hita. Ikiwa ya baridi ukinzani wake ni mdogo sana, ukiwasha tu inavuta ampia nyingi kuliko zilizoandikwa, moduli inadhani kuna shoti inajizima, inajaribu tena, inajizima tena, valvu inapepesa haiwaki na we unaanza kulaumu valvu wakati haina kosa. Tafuta moduli ya kushusha yenye skrubu mbili, ya volti na ya ampia. Weka 6.3 kwa mita kabla hujachomeka valvu, kikomo cha ampia weka 2.5, hita itapanda taratibu. Upande wa volti nyingi nako usirundike kapasita kubwa, 47 mikrofaradi kwa kila moduli inatosha.

Kelele? Swichingi inakatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, sikio halifiki huko, wakati transfoma ya kawaida baada ya dayodi inavuma 100, na hiyo unaisikia vizuri tu. Ila ikipenya kwenye gridi ya ECC83, pini inayopokea muziki, inaleta vurugu, so moduli zifunge kwenye kiboksi cha chuma, mbali na waya za muziki, weka choki (koili ya kuchuja) ya milihenri 10 kabla ya kapasita na rezista ya kilo-ohm kadhaa palepale kwenye pini ya gridi.

Chesi lazima ifungwe ethi, chaja za pini mbili zinatekenya mkono. Kila kapasita ya volti nyingi iwekee rezista ya kilo-ohm 220, wati 2, ukizima subiri dakika mbili halafu PIMA kabla hujaingiza vidole.

Transfoma ya sauti bado unaihitaji, hakuna swichingi inayochukua nafasi yake: ohm 5000 upande wa valvu, 8 upande wa spika, ya singo (ya valvu moja) yenye mwanya kwenye chuma chake, moja kila upande. Hela uliyookoa kwenye pawa ipeleke huko.