Mgonjwa wa moyo anavimba miguu kila akiruhusiwa: anza na chumvi, maji baadaye

Mwenzangu, umeuliza umfundisheje mgonjwa wa moyo ambaye kila akiruhusiwa hakawii kurudi miguu imevimba, ilhali kila mara umemsisitizia apunguze maji. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani. Kwa ninayoyaona, maji si pa kuanzia. Anza na chumvi.

Mweleze kwamba maji hufuata chumvi. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na mengi yamo ndani ya seli. Yanayovimbisha ni ya nje ya seli, na kinachoyashikilia huko ni chumvi, karibu gramu 9 kwa kila lita. Figo zikishindwa kutoa gramu hizo 9, lita nzima inabaki mwilini, na mizani inapanda kilo moja. Tena aliyekula chumvi nyingi kiu humbana, ukimkatalia maji unamtesa bure.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Mimi huimimina kwenye karatasi mgonjwa aione, na anayempikia awepo. Asipokuwepo, nusu ya somo imepotea. Hapo ndipo wanaposhtuka kusikia kwamba kipimo hicho kinahesabu pia chumvi ya kwenye mkate na vyakula vya kopo na paketi. Waonye pia kuhusu chumvi mbadala: nyingi zina potasiamu, hatari kwa mwenye figo dhaifu au anayemeza spironolaktoni, dawa ya kukojosha inayobakiza potasiamu mwilini.

Kisha mizani. Apime kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala, kwa mizani ileile, na aandike. Uzito ukizidi kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, atoe taarifa siku hiyohiyo. Asingoje miguu, maana mwili hubeba lita kadhaa za ziada kabla kidole kinachobonyeza mguu hakijaacha shimo. Kubonyeza nako abonyeze mwenyewe: gumba juu ya mfupa wa muundi, sekunde chache, aachie, atazame. Wa kulala kitandani muda wote akaguliwe kiunoni kwa nyuma, maji hutuama huko.

Kama daktari amempangia kiwango cha maji, tumia chupa. Asubuhi aijaze kiasi alichopangiwa. Maji ya kunywa ayatoe humo. Akinywa chai, supu au maziwa, apunguze maji ya chupa kwa kumwaga nje kiasi kilekile. Ikibaki tupu, kiwango cha siku kimekwisha. Kiu ikizidi, asukutue mdomo na kutema.

Dawa za kukojosha huachwa kimyakimya, hasa na wanaoogopa kukosa choo safarini. Uliza bila kukaripia. Saa ya kumeza inaweza kupangwa upya na daktari. Ulizia dawa za maumivu kwa majina: diklofenaki na ibuprofeni huzuia chumvi na maji visitoke.

Si kila uvimbe ni wa moyo, usisahau hilo. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, fikiria damu iliyoganda. Amlodipini, dawa ya shinikizo la damu, nayo huvimbisha miguu. Soksi za kubana asivae kabla mishipa ya damu ya miguuni haijakaguliwa.

Mwishoni usiulize "umeelewa?", kwa heshima atakujibu ndiyo. Mwambie akueleze kama atakavyomweleza mwanawe nyumbani. Mimi huuliza: "Mizani ikipanda kilo 2, utafanya nini? Na ukiamka usiku pumzi imekukata?" Akijibu la kwanza kwamba atapunguza maji aone itakuwaje, tunakaa tena na daftari lake. Akisema atatupigia siku hiyohiyo, na kwamba pumzi ikikata anakuja hospitali saa hiyohiyo, huyo naridhika aende nyumbani.