Mchujo wa urais Marekani: nani anaruhusiwa kumchagua nani?
Mdau, umeuliza kama mfuasi wa Democratic anaweza kupiga kura ya mchujo, yaani ile ya kumteua mgombea wa chama, upande wa Republican. Inategemea anaishi jimbo gani. Texas na Michigan hakuna kujiandikisha kwa chama. Siku ikifika unachukua karatasi ya chama kimoja, basi. New Hampshire, aliyejiandikisha bila chama anachagua upande autakao. Florida, New York na Pennsylvania, mchujo ni wa waliojiandikisha na chama hicho tu, wengine watazame.

Ila mimi naona kinachombana mpiga kura zaidi ni kalenda kuliko hizo sheria. Mwaka 2024 Nikki Haley, aliyekuwa akishindana na Trump ndani ya Republican, alijitoa Machi 6, siku moja baada ya majimbo 15 kupiga kura kwa mpigo. Zamu ya Pennsylvania ilikuja Aprili 23, mbio zimeshakwisha! Jina lake lilikuwa bado kwenye karatasi, na akapata kura zaidi ya 150,000, tena za wana-Republican watupu. Hazikubadili kitu, kwa sababu Trump alishatimiza idadi ya wajumbe wanaotakiwa ili kuteuliwa na chama tangu Machi 12.