Biokovo, Kroatia: usiishie kwenye kioo

Mkuu umeuliza kama ukiwa Makarska, ule mji wa pwani Kroatia, na familia kuna haja ya kupanda mlima Biokovo au ni zile picha tu za watu wamesimama kwenye sakafu ya kioo juu ya korongo. Pandeni, ila msiishie kwenye kioo.

Mi naishi Ujerumani, tulienda na gari likizo ya shule. Tiketi za kuingia mlimani kateni mtandaoni mapema kama ni kiangazi, magari yanaingizwa kwa zamu na unachagua saa. Barabara ni lami, km 23 mpaka kilele cha Sveti Jure, mita 1,762, ila nyembamba balaa, upande huu mwamba upande ule bahari iko chini hukoo. Mkikutana, mmoja anapiga rivasi mpaka penye upenyo. Sisi tulikutana na jamaa ana gari pana la familia, wote tukakunja vioo vya pembeni, mke wangu kichwa nje ya dirisha "bado, bado, haya njoo", na jiwe liko kiganja kimoja tu na mlango. Kama rivasi inakusumbua chukueni madereva wa watalii pale Makarska, wao barabara ile wameizoea.

Kioo chenyewe, Skywalk, kilifunguliwa 2020, kiko mita 1,228, unakanyaga unaona korongo chini ya miguu. Kizuri, watoto watapiga kelele, foleni ipo. Wengi wanageuzia hapo na mi naona ni hasara, kwasababu mlima unaanza kunoga ukishakipita. Huko juu ni chokaa tupu, nyeupe mpaka macho yanauma, ardhi imejaa mashimo makubwa, na mvua inanyesha lakini kijito hukioni, maji yote yanazama kwenye nyufa. Udongo kidogo uliopo unajikusanya chini ya yale mashimo, ndo maana wachungaji wa zamani walikuwa wanalima viazi humo humo, wanazungushia ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, kuta zingine bado zipo. Na kuna mashimo marefu barafu inakaa humo mpaka joto la kiangazi, enzi hizo watu walikuwa wanaikata na kuishusha mjini kuuza. Mke wangu hakuamini mpaka tulipoinama kwenye moja tukapigwa na baridi usoni, na huko chini watu wako ufukweni na chupi za kuogelea!

Sasa maji bebeni ya kutosha, msitegemee kupata njiani. Ndala acheni garini, mawe yale ni makali kama maweni kule Makunduchi, na kuna nyoka anaitwa poskok, jamii moja na kifutu, ana kipembe puani, anapenda kuota jua juu ya mawe kwahiyo watoto wasiingize mikono kwenye nyufa. Jaketi pia. Kuna upepo wanaita bura, unashuka toka bara, ukikaza barabara inaweza kufungwa, so angalieni hali ya hewa asubuhi kabla ya kutoka.

Visa na pesa: tangu Januari 2023 Kroatia inatumia euro na iko Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye visa moja, kwahiyo ukiwa na visa yako ya Schengen umemaliza.

Kwa miguu wapo wanaotoka kijiji cha Makar mpaka kilele cha Vošac, mita 1,422, mwinuko mkali na kivuli hakuna, na watoto wadogo sikushauri kabisa. Kama dereva ataogopa siku hiyo, nendeni bustani ya mimea ya Kotišina, iko chini chini tu karibu na mji.