Barua kwa mwanangu: wakikuuliza usichokijua

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam, na marahaba. Huku Makorora, Tanga, sote wazima. Mama yako kikohozi kimemwachia, na tangu juzi mvua imekata.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniandikia kwamba lile duka la muziki wa magari pale Ngamiani limekuita usaili Jumatatu asubuhi, na umeniuliza: "Baba, wakinitajia kazi ambayo sijawahi kuifanya, niseme nimewahi au niseme sijawahi? Nikisema sijawahi si wataniona mwanafunzi tu?" Ningeweza kukupigia simu, lakini neno hili lina kisa ambacho sijawahi kukuhadithia, nami nataka ukae nacho.

Sema hujawahi. Ila usikomee hapo, endelea useme ungeanzia wapi. "Sijawahi kufunga amplifaya ya chaneli nne, lakini ningeanza kwa kupima volti za betri, nikasoma omu za kila spika, nikapanga waya utapita wapi kabla sijatoboa kitu." Mwenye duka anayeijua kazi yake akisikia maneno hayo hatakuona mwanafunzi tu. Na asiyeijua kazi yake, akakukataa kwa sababu hukumdanganya, bora akukatae mapema.

Sasa kisa chenyewe. Nilikuwa na miaka 22, nafanya kazi gereji moja hapa mjini. Akaja mteja na pikapu, anataka afungiwe amplifaya na sabufa, ana shughuli ya harusi. Fundi mkubwa hakuwepo. Tajiri akaniuliza, "Umewahi kufunga hizi?" Nikamjibu nimewahi. Ukweli nilikuwa nimeona wenzangu wakifunga, tena mara moja. Nikavuta waya mwekundu kutoka kwenye betri, nikaupitisha kwenye tundu la lile bati linalotenganisha injini na ndani, nikaufikisha nyuma ya viti. Fyuzi nikaiweka huko nyuma, pembeni ya amplifaya, maana ndiko nilikoiona siku ile. Tundu la bati sikulivisha mpira. Muziki ukalia, mteja akafurahi, akalipa, na mimi nikapewa ya soda.

Barabara ya Pangani wakati huo ilikuwa vumbi na mawe. Pikapu ilitikisika siku kumi na kitu, na kila ilipotikisika ukingo wa lile bati ulikuwa unalila ganda la waya, kidogo kidogo, mpaka shaba ikagusa bodi. Kutoka kwenye betri hadi kwenye lile tundu hapakuwa na fyuzi ya kukata umeme. Waya ukawaka wote. Mwenye gari alikuwa na mwanawe kiti cha mbele. Alhamdulillahi walitoka salama, watu wakazima moto kwa mchanga. Nilikuwepo pikapu ilipovutwa kurudishwa gerejini. Dashibodi ilikuwa imeyeyuka ikaning'inia kama nta, na chini ya kiti cha abiria palibaki kandambili moja ya mtoto, ya bluu, mkanda umekatika. Nimefanya kazi ya umeme wa magari miaka mingi baada ya hapo na sijaisahau kandambili ile.

Kwa hiyo wakikuuliza fyuzi inakaa wapi, unajua. Karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi kutoka kwenye kichwa cha chanya. Na wakikuuliza kwa nini, waambie fyuzi ile kazi yake ni kulinda waya, kwa sababu betri ya gari ikipigwa shoti hutoa umeme wa kutosha kuufanya waya uwe mwekundu kama kaa. Amplifaya ina fyuzi yake yenyewe. Na kila waya unapovuka bati, unavuka ndani ya mpira. Hayo yatamke taratibu, bila kukariri.

Hesabu za wati usiziogope, VETA ulizifanya. Amplifaya ya wati 500 za kweli, gawanya kwa volti 13.8 za gari linalounguruma, unapata kama ampea 36. Hapo bado hujahesabu joto: amplifaya za mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, basi mvuto wake unaweza kukaribia mara mbili. Ndipo unapochagua unene wa waya na ukubwa wa fyuzi. Nimesema wati za kweli kwa sababu ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi kwa maandishi ya dhahabu ni ya kuvutia macho. Wewe tafuta RMS, hiyo ndiyo nguvu ambayo spika inaibeba saa nzima.

Omu, kile kipimo cha ukinzani wa spika, wataziuliza, hilo sina shaka nalo. Sabufa mbili za omu 4 ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 2. Ukiziunga kwa mfuatano inaona omu 8, na sauti inapungua. Nne za omu 4 zote sambamba unashuka mpaka omu 1, na kama amplifaya haikuandikwa kubeba hiyo, itajizima au itaungua. Chora kwenye karatasi wakikuruhusu. Fundi anayechora anaeleweka.

Lakini usaili wa maduka yetu, mwanangu, mara nyingi ni bisibisi. Unasalimia, unaulizwa umesoma wapi, halafu unapewa funguo: "Haya, itoe hiyo redio." Hapo ndipo wanapokutazama. Kabla hujagusa kitu, washa gari uangalie taa, honi, vioo vya umeme na taa za onyo kwenye dashibodi, tena mwenye gari akiwa anaona. Kitu kilichokuwa kibovu kabla yako kisije kuwa chako. Tandika kitambaa kwenye kiti. Halafu uliza, na hili wengi hawalifanyi: "Redio hii ina kodi, namba ya siri ya kuifungua?" Baadhi ya hizi redio za Kijapani zenye ramani ukichomoa betri tu zinajifunga, zinadai namba ambayo ilibaki Japani na mwenye gari wa kwanza. Ukishajibiwa, ndipo unachomoa hasi ya betri. Hasi inatoka kwanza, inarudi mwisho. Urembo wa plastiki ung'oe kwa kile kibanio cha plastiki, usitumie bisibisi. Gari lililoshinda jua la Tanga miaka kumi, klipu zake zinakatika kama biskuti. Na nyaya zenye soketi za njano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa. Hizo usiziguse, wala usizidunge na testa.

Rangi za nyaya za redio mpya za dukani unazijua: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni ethi, yaani hasi inayofungwa kwenye bodi, bluu yenye mstari mweupe inaiamsha amplifaya. Upande wa gari lenyewe rangi hizo zisikudanganye. Kila kiwanda kina mtindo wake, na gari lililopita mikononi mwa mafundi watatu huwa na rangi za mafundi watatu. Pima kila waya kwa mita. Mita yangu ile ya njano nimekuwekea betri mpya, utaichukua.

Kuna swali moja ningekuwa mimi mwenye duka ningelianza nalo. Mteja amenunua Noah iliyotoka Japani, anasema redio haishiki stesheni. Nini? Watoto wengi watakimbilia antena. Antena inaweza kuwa, ndiyo, lakini redio za FM za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na sisi stesheni zetu zinaanzia 87.5 mpaka 108. Redio inashika kipande kidogo cha chini tu, kingine chote haikifikii. Dawa ni ekspanda, kifaa cha kushusha masafa, au redio nyingine. Mweleze mteja yote mawili, na umwambie kwamba ekspanda ni ya bei rahisi ila haishiki stesheni zote vizuri. Achague mwenyewe kwa pesa yake.

Na usisahau kuwaambia kwamba umekulia hapa. Gari la Tanga si gari la Dodoma. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inaingia kwenye kila ncha ya waya iliyoachwa wazi. Umeshaniona nikichuna waya ukatoka na unga wa kijani badala ya shaba inayong'aa. Ethi iliyofungwa juu ya rangi, bila kukwanguliwa mpaka bati jeupe, bila kupakwa grisi baadaye, hapa kwetu haimalizi mwaka. Mteja anarudi analalamika muziki unakata, au unapiga filimbi inayopanda na kushuka ukikanyaga mafuta. Wewe weka mita kati ya ethi ya amplifaya na hasi ya betri muziki ukilia: ikikaribia nusu volti, ethi ni mbovu. Ikiwa ethi ni nzuri na filimbi bado ipo, angalia kama nyaya za mawimbi, zile zinazopeleka sauti kutoka redioni hadi kwenye amplifaya, zimelazwa pamoja na waya wa umeme. Zitenge, moja kulia nyingine kushoto.

Kama watakuwekea waya mezani wakuulize ni mzuri au mbaya, omba wembe. Kwangua ncha. Ukikuta ndani kweupe, huo ni wa alumini uliopakwa shaba. Unafanya kazi, lakini haubebi sawa na shaba tupu ya unene ule ule, na kutu inaushika haraka. Duka linaweza kuwa linauuza. Sema ukweli huo kwa adabu, bila kumwaibisha mtu.

Shangazi yako anasema hii ni kazi ya wahuni, kelele za daladala na bajaji. Mheshimu, msikilize, usibishane naye ndani ya nyumba yake. Mimi nakwambia ni ufundi. Jina Motorola, ambalo dunia nzima inalijua kwa simu, lilianza mwaka 1930 kama jina la redio ya gari. Na wakikuuliza "Binti, utaiweza kweli?", usikasirike, usijitetee sana. Jibu "Nipe gari nikuonyeshe." Jambo hili linaniuma kuliko unavyodhani, maana nimekuona tangu una miaka minane ukinishikia tochi bila mkono kutikisika, nami sitaki mtu akupime kwa kitu kingine.

Pete ya fedha ya bibi yako ivue kabla hujaingia. Najua huivui. Pete ikigusa chanya ya betri na bodi kwa pamoja, au spana iliyogusa bodi, inaiva papo hapo na kidole kikiwa ndani. Mtandio ufunge kwa nyuma, viatu vya kufunika vidole. Cheti cha VETA, kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa, nakala mbili mbili.

Ukifika mahali pa malipo, usione haya kuuliza kama ni mshahara wa mwezi au unalipwa kwa kila gari, na kitu kikiungua mkononi mwako nani analipa. Uliza hilo la pili kwa makini zaidi. Palipo na jibu la wazi ndipo mafundi wanapothubutu kusema "nimekosea" kabla gari halijatoka. Mimi sikuwa na mtu wa kumwambia.

Usingoje Jumatatu ndipo uje. Panda basi la asubuhi Jumamosi kutoka Korogwe, utafika kabla ya adhuhuri. Jirani yetu ana Noah, redio yake bado inaishia 90. Nimeshamwomba, amekubali tuifungue dashibodi, na amesema aliyefunga mara ya mwisho alibakiwa na skrubu tatu mkononi. Nitakushikia tochi.

Baba yako