Chai ya mama Njiro: usithubutu kuweka maji kwenye chupa ya chai

Mleta uzi, simama hapo hapo. Usilipe amana ya mapambo kabla hujasoma hii.

Umesema Jumamosi mama anatimiza miaka 60, mko sita, bustani ya nyumbani Njiro hapa Arusha, unataka chai ya alasiri ya Kiingereza yenye sahani za ngazi tatu, bajeti laki tatu. Ukauliza nyumbani au hotelini, nguo gani, zawadi gani, kitambaa cha rangi gani. Katikati ya hayo yote umetupia sentensi moja kama haina maana: maji yatachemshwa saa sita mchana kwa sababu umeme hauaminiki, yakae kwenye chupa mbili za chai, na saa kumi kila mgeni achovye kifuko chake. Hapo ndipo laki tatu yako itakapozama. Nilizamia palepale, kwa hela kubwa kuliko yako.

Maji ya Arusha hayachemki kwenye nyuzi 100. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 kiwango cha kuchemka kinashuka kama nyuzi moja. Kwa hiyo yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi wako chini kidogo, wanapata kama 97. Majani meusi ya chai yanataka maji ya moto kabisa ili yatoe rangi, harufu na ule ukali mzuri wa ulimini, na sisi tunaanza tukiwa tumeshapungukiwa. Sasa yamimine kwenye chupa ambayo haikupashwa: kioo cha ndani kinakula nyuzi kadhaa palepale. Yalaze humo mchana kutwa. Fungua, funga, fungua, funga. Malizia kwa kikombe baridi cha kaure. Mgeni anachovya kifuko kwenye maji yanayofaa kunawia uso.

Na utaliona kwa macho yako. Kifuko kinaelea, kimevimba hewa kama mto, pembeni mwake unashuka uzi mwembamba wa kahawia, maji mengine yamebaki meupe. Mtu anakikamua kwa kijiko, anaongeza cha pili, anapata uchungu usio na ladha. Anakunywa nusu, anaomba soda. Keki zako zimekaa pale zinamtazama.

Usijaribu kukwepa kwa kuipika chai kabisa na kuiweka kwenye chupa. Majani yakibaki ndani yanaendelea kutoa ukakasi hadi ulimi ukauke. Ukichuja, inakuwa nyeusi na kupooza ladha kadiri inavyokaa. Yenye maziwa ikikaa saa nyingi kwenye joto inatoa harufu ya maziwa yaliyoungua kwa mbali, na ikishaanza kupoa humo ndani hata usalama wake una mashaka. Halafu kinuse kizibo cha chupa yenyewe. Ile mpira yake bado ina tangawizi ya wiki iliyopita, na maji matupu yanaibeba yote.

Aliyeniponza ni mtu wa mapambo. Aliniambia chai ni chai tu, watu wanakuja kwa picha. Bili yake ilikuwa na maputo, maua, vitambaa vya kukodi na stendi ya dhahabu. Mstari wa chai haukuwepo. Watu wa namna hii wanachukua hela ya watu kwa shughuli inayoitwa chai bila kumuuliza mteja maji yatachemkia wapi! Ukimwajiri yeyote, muulize hilo kwanza. Akisitasita, aga.

Kanuni ni hii moja, ishike: maji yachemkie hatua kumi kutoka mezani, na yaingie kwenye buli yakiwa bado yanatokota. Buli ndilo linalopelekwa kwenye maji, maji hayasafirishwi kulifuata buli.

Kwa watu sita unahitaji buli mbili za lita moja. Vikombe vitatu kila mtu, vya mililita 200, ni kama lita tatu na nusu, yaani mizunguko minne, maana buli moja ni la kuivishia na jingine la kuchujia. Umeme usikutishe: mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake unatosha kabisa, uweke kibarazani upande usio na upepo, mbali na kitambaa cha meza. Ukitumia birika la umeme, usilichomeke kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Birika linavuta wati 1,500 hadi 2,000 na zaidi, waya unapata moto, na siku ya mama inaishia kwenye harufu ya plastiki.

Maji yakikaribia kuchemka, mimina kidogo kwenye buli, zungusha, liache dakika moja, mwaga. Usiruke hatua hii, kwa sababu kaure baridi inaweza kula nyuzi kumi. Weka majani gramu 10 hadi 12 kwa lita, yaani vijiko vitano vya chai visivyo na kilima. Pakiti ya gramu 100 inamaliza shughuli nzima na inabaki, kwa hiyo nunua nzuri, bado itakuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani. Mimina maji, funika, vika buli kofia ya sufu au taulo safi. Chai nyingi ya pakiti tunayonunua, inayotoka Mufindi, Njombe, Rungwe au Usambara, ni ya chembechembe, hiyo inaiva haraka: dakika tatu. Majani marefu yaliyosokotwa yape tano. Kisha chuja yote kwenye buli la pili lililopashwa moto. Usiyaache majani yaendelee kulala ndani. Kila mzunguko chemsha maji mapya.

Wanaoniona nafungua maabara ya chai bustanini, chekeni tu, lakini pimeni kwa kipimajoto halafu mrudi hapa.

Na maji yenyewe. Maeneo mengi ya Arusha maji yana floridi nyingi, watu wa hapa tunaijua kwenye meno, na kuchemsha hakuiondoi. Yakipungua kwa mvuke ndiyo inazidi kukolea. Mengi pia yana magadi, yanafanya chai iwe nyeusi tii na ladha iliyolala. Nunua maji ya chupa, lita sita. Ndugu zangu wa Moshi wenye maji ya chemchemi za mlimani mruke aya hii.

Mama yako pia muulize anachokipenda. Wazazi wengi wa huku chai kwao ni ya maziwa, iliyochemshwa pamoja. Basi mzunguko mmoja uwe wa rangi, mwingine wa maziwa: nusu lita ya maji, majani, tangawizi ikitakiwa, ikolee, ndipo nusu lita ya maziwa, ichemke mara moja, ichujwe, iende mezani. Hakuna kosa la ustaarabu hapo. Anna wa Bedford, yule bibi wa Kiingereza anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha desturi hii miaka ya 1840, alikuwa na njaa tu kati ya chakula cha mchana na cha usiku. Akaletewa buli la chai na mkate na siagi. Hizo ngazi tatu zilifuata baadaye.

Vitafunwa kwa kifupi. Ukienda duka la mikate kuagiza skonzi utapewa zile mviringo laini za hamira. Za Kiingereza hazina hamira: unga gramu 225, siagi baridi 55, sukari 25, maziwa mililita 150, baking pauda vijiko vya chai viwili na nusu badala ya vitatu, maana kwenye mwinuko wetu vikizidi zinafura haraka na kunywea. Kata unene wa sentimita mbili na nusu, kibati kishuke wima bila kuzungushwa, vinginevyo zinainama. Nyuzi 220, dakika 12, ziingie ovenini wageni wakianza kufika. Tango la sandwichi litiwe chumvi dakika 15 na kukamuliwa, siagi ipakwe hadi ukingoni mwa mkate, maji yasipenye.

Hoteli? Uliza mambo mawili tu: chai inaletwa kwenye buli au ni maji moto na vifuko, na buli linajazwa tena bila malipo? Wakujibu kwa maandishi ndipo ulipe. Na kama unahamia Moshi kwa ajili ya mlima, ujue mara nyingi mchana Kilimanjaro imejifunika mawingu, inafunguka asubuhi mapema au jua likikaribia kuzama. Saa tisa utapiga picha ya wingu.

Kumimina, usimwachie mhudumu. Saa kumi mama akishakaa, nenda mwenyewe kibarazani, subiri maji yatokote mbele ya macho yako, hesabu dakika tatu, mletee kikombe cha kwanza kwa mikono miwili. Stendi ya keki iletwe baada ya hapo.